Ametoka jeshini, sasa anataka kurudi: tumwambie nini?

Wachungaji na wazee wa kanisa katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wanalijua swali hili. Kijana aliyeacha bunduki miaka michache iliyopita anangoja watu watoke ibadani, kisha anasema: «Mchungaji, nataka kurudi jeshini. Niombee.» Mara nyingine anayekuja ni mama yake, aliyesikia habari kwa jirani, naye anaomba tumzuie.

Kumwombea ni vema. Lakini kabla ya kuomba tunapaswa kujua anaomba nini, kwa sababu neno «kurudi» linaficha mambo mengi. Kuna anayetaka kuingia FARDC kwa njia ya sheria. Kuna anayekwenda kwa kundi la silaha la kijijini, naye analiita jeshi. Kuna aliyekimbia kambi bila ruhusa, na akirudi atakutana na mahakama. Kuna aliyeachishwa kwa ajili ya ugonjwa au jeraha. Na kuna aliyekuwa mtoto alipotolewa mikononi mwa wapiganaji, na sasa amefikisha miaka 18. Kila mmoja ana jibu lake. Tukiwapa wote jibu moja, tunaweza kumpeleka mtu gerezani au kaburini huku tukidhani tumembariki.

Alitoka kwa mlango gani?

Hili ndilo swali la kwanza, na liulizwe kwa upole, faraghani, bila kumwandika jina.

Wa kwanza ni aliyedemobilizwa. Aliweka silaha chini mbele ya wakubwa wa programu, akaandikwa, akapewa karatasi. Kisheria yeye ni raia kama mwalimu au muuza samaki. Jeshi halimdai huduma, wala yeye halidai jeshi nafasi. Kama alikuwa katika kundi la silaha tu, basi hajawahi kuwa askari wa serikali. Hana nambari ya matrikule, hana mafaili huko Kinshasa. Akienda FARDC anaingia kama mtu mpya, hata kama porini aliitwa koloneli.

Wa pili ni askari wa FARDC aliyemaliza huduma kwa njia halali. Hali ya askari wetu inaongozwa na sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013. Askari anaweza kustaafu, kujiuzulu kwa ruhusa ya wakubwa, au kuachishwa kwa sababu afya yake haimruhusu tena kutumika. Mtu wa namna hii mara nyingi anataka kurudi kwa sababu haki zake za mwisho hazijalipwa, au mafaili yake yamekwama. Shida yake inaitwa pensheni, na pensheni inadaiwa kwa barua na kwa wakili. Kuvaa tena kombati hakutamlipa yaliyobaki nyuma.

Wa tatu ni aliyefukuzwa jeshini kwa kosa, au aliyehukumiwa na mahakama. Sheria inadai tabia njema kwa yeyote anayeomba kuwa askari, hivyo huyu asidanganywe na mtu anayemwambia kwamba jina likibadilishwa kidogo mambo yatapita. Kubadilisha jina ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Wa nne ni aliyekimbia. Huyu ndiye anayehitaji tahadhari kuliko wote. Kukimbia jeshi ni kosa ndani ya sheria ya adhabu za kijeshi ya mwaka 2002, na wakati wa vita adhabu inaweza kufika kifo. Tangu mwaka 2003 adhabu hiyo ilikuwa haitekelezwi nchini. Mnamo Machi 2024 serikali ilitangaza kuondoa usitishaji huo. Julai 2024 mahakama ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25 kwa makosa ambayo mojawapo lilikuwa kukimbia mbele ya adui. Kwa hiyo mtu aliyeacha kikosi bila karatasi asiambiwe na rafiki, wala na mchungaji, «rudi tu, watakuelewa». Aonane kwanza na wakili. Wale waliobaki nyuma miji ilipoanguka mwanzoni mwa 2025, Goma kisha Bukavu, wako pia katika hali ya kuhitaji ushauri wa mtu anayejua sheria, kwa sababu kila mmoja wao ana habari yake: mmoja alijeruhiwa, mwingine alikatiwa njia, mwingine alivua kombati na kwenda nyumbani.

Wa tano ni yule aliyekuwa mtoto. Tangu vita vya AFDL vya 1996 tunawaita makadogo, na jina hilo limezoeleka hata limekuwa kama utani. Lakini sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inakataza kabisa kumwingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi la silaha, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa miaka 10 hadi 20. Mtoto aliyetolewa katika kundi hupewa atestasio ya kutoka. Karatasi hiyo inamsaidia asikamatwe tena kama mpiganaji. Ichungwe nyumbani kama cheti cha ubatizo.

Tulifikaje hapa

Wengi wanaouliza swali hili leo walikuwa wadogo, au hawajazaliwa, programu ya kwanza ilipoanza. Ni vema wakumbushwe.

Mapatano ya Pretoria yalitiwa sahihi Desemba 2002, na serikali ya mpito ikaanza katikati ya 2003. Nchi ilikuwa na majeshi mengi: la serikali, la RCD, la MLC, na ya Mai-Mai wa kila upande. Ilibidi kuyafanya jeshi moja. Wapiganaji walikusanywa katika vituo, na huko kila mmoja aliulizwa achague: kubaki jeshini au kurudi katika maisha ya raia. Waliobaki walipitia brasaji, yaani kuchanganywa na kufundishwa pamoja ili waunde brigedi mpya. Wakaaji wa Luberizi, Nyaleke, Rumangabo na Mushaki wanakumbuka vituo hivyo. Waliochagua uraia walishughulikiwa na CONADER. Walipewa dola 110 siku ya kutoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na wengine walifundishwa kazi au kupewa vifaa. Zaidi ya watu wazima 100,000 walitoka kwa njia hiyo.

Ilikuwa kazi kubwa, na tusiidharau. Kuna wanaume katika kwaya zetu ambao walitoka wakati ule, wakalima, wakaoa, wakazaa, na hawakugusa tena bunduki. Lakini mbegu ya shida ya leo ilipandwa palepale. Malipo kwa wengi yalichelewa. Mashine za kushona na vifaa vya useremala viliuzwa sokoni ili kununua chakula. Kisha jambo zito zaidi likatokea: wale waliokataa kuweka silaha chini, au waliorudi porini na kupigana tena, waliitwa kwenye mazungumzo na kupewa vyeo.

Mwaka 2009 wapiganaji wa CNDP na wa makundi mengine waliingizwa haraka katika FARDC. Bosco Ntaganda, aliyekuwa tayari anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, alitumika kama jenerali. Mwaka 2012 sehemu ya watu hao hao waliasi na kuunda M23. Ntaganda baadaye alihukumiwa kule La Haye, mwaka 2019, kifungo cha miaka 30, kwa makosa aliyoyafanya Ituri.

Tujiweke mahali pa kijana aliyechagua uraia mwaka 2005. Alitii. Alirudisha bunduki. Miaka minne baadaye anamwona mwenzake, aliyekataa kutii, akipita ndani ya gari akiwa na nyota mabegani. Somo alilolipata halikufundishwa na mhubiri yeyote: kwamba aliyetii amebaki na jembe, na aliyeasi amepanda cheo. Tunapomwuliza leo kwa nini anataka kurudi, tujue kwamba somo hilo bado liko kichwani mwake, naye amewafundisha wadogo zake.

Programu iliyofuata ilikuwa na jeraha lake. Baada ya M23 kushindwa Novemba 2013, wapiganaji wa makundi mbalimbali walijitoa kwa wingi, na sehemu yao walipelekwa mbali, hadi kambi ya Kotakoli katika jimbo la Ekweta la wakati ule. Oktoba 2014 shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba zaidi ya watu 100, wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao, walikufa huko kwa njaa na magonjwa. Habari hiyo ilifika vijijini Masisi, Walikale na kwingine. Wengi waliamua kwamba kujitoa ni kwenda kufa.

Kwa nini anataka kurudi

Watafiti waliowafuatilia wapiganaji wa zamani katika Kivu wameona mzunguko: mtu anatoka, anakaa nyumbani muda, anarudi porini, anatoka tena. Tukisikiliza kwa makini, tunakuta sababu zinazofanana.

Ya kwanza ni chakula na pesa. Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba mishahara ya askari na polisi inaongezwa mara mbili. Kwa kijana anayebeba mizigo sokoni na kulala bila kula, tangazo kama hilo lina nguvu.

Ya pili ni heshima. Porini alikuwa na jina, watu walimwogopa au walimheshimu. Kijijini anaitwa «mudemobilize», na neno hilo linasemwa kwa sauti ile ile inayotumiwa kumtaja mwizi. Kuku akipotea, wanakuja kwake kwanza. Wazazi hawataki kumwozesha binti yao.

Ya tatu ni woga. Aliyeacha kundi anaweza kutafutwa na kundi lake la zamani, na pia na kundi la adui, na hata na askari wa serikali wanaomshuku. Bunduki inaonekana kama ulinzi pekee anaoujua. Mahali ambapo vita vimerudi hadi mlangoni, woga huu una msingi, wala hatupaswi kumcheka.

Ya nne ni shamba. Aliporudi alikuta ardhi ya baba yake imegawanywa kati ya wajomba, au imechukuliwa na mtu mwingine wakati familia ilipokuwa katika kambi ya wakimbizi. Kesi ya ardhi inaweza kuchukua miaka. Wengine wanafikiri kwamba kombati itaimaliza kwa siku moja.

Ya tano ni kupenda nchi. Wapo, tena wengi, wanaotaka kwa moyo safi kulinda watu wao. Sababu hii ni ya heshima. Nayo inahitaji njia ya halali kuliko zote nyingine, kwa sababu ndiyo inayotumiwa zaidi na wadanganyifu.

Mlango ambao sheria inaufungua leo

Tarehe 4 Julai 2021 Rais wa Jamhuri alianzisha P-DDRCS, programu ya kunyang'anya silaha, kudemobiliza, kuinua jamii na kuleta utulivu. Ilichukua nafasi ya programu iliyotangulia pamoja na STAREC. Herufi C ndani ya jina hilo ni ya jamii: msaada unakusudiwa kufikia kijiji kinachompokea mtu aliyetoka, ili jirani aliyeporwa asione kwamba aliyepora ndiye anayezawadiwa. Programu hii haiahidi kwamba kundi zima litaingizwa jeshini pamoja na vyeo vyake. Viongozi wa nchi wamesema wazi kwamba makosa ya brasaji na ya mwaka 2009 hayapaswi kurudiwa.

Mlango wa FARDC unabaki wazi kwa mtu mmoja mmoja, kwa njia ya kuandikishwa kama raia mwingine yeyote. Sheria inataka awe Mkongomani, awe amefikisha miaka 18 bila kupita umri wa juu unaowekwa, awe na afya ya mwili na akili, awe na tabia njema, na awe na masomo yanayohitajiwa kwa ngazi anayoiomba. Hapo wengi wanaishia. Aliyedemobilizwa mwaka 2005 akiwa na miaka 20 alitimiza 40 mwaka 2025. Aliye na risasi mguuni hatapita kwa daktari. Ni afadhali ayasikie haya kwetu, akiwa ameketi na maji ya kunywa mkononi, kuliko kuyasikia baada ya kuuza mbuzi wake wawili ili asafiri.

Mwaka 2023 nchi ilipata pia sheria ya Akiba ya Jeshi ya Ulinzi, inayoitwa RAD kwa kifupi cha Kifaransa. Ilitungwa ili wanaojitolea kutetea nchi wawe chini ya jeshi na chini ya sheria. Lakini mtu anayejiita Mzalendo hawi askari wa FARDC kwa sababu ya jina hilo. Ulizeni: kikosi hicho kiko chini ya nani? Nani amesaini? Mtu akifa, familia yake itamdai nani? Kama hakuna jibu, basi anaingia katika kundi la silaha, hata kama bendera ya nchi imechorwa ukutani.

Kuhusu makosa ya zamani, tusimdanganye mtu. Sheria za msamaha za mwaka 2009 na 2014 zilisamehe uasi na matendo ya vita, lakini ziliacha nje mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya ubinadamu na makosa ya vita, na ile ya 2014 iliacha nje pia ubakaji. Kombati haifuti mambo hayo. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa mwaka 2012 kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15, na kazi yake ya siasa haikumwokoa.

Milango ya uongo

Kila mahali penye mtu anayetafuta kazi kuna komisionere. Anakuja na simu mbili, anasema anamjua meja fulani, na kwamba dola 50 au 100 zitatosha kuliweka jina kwenye orodha. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi. Anayedai pesa ni mwizi, hata kama ana kombati ya kweli.

Mlango mwingine wa uongo ni wa jamaa. Mjomba yuko porini, anatuma salamu: «Njoo, mazungumzo yanakaribia, safari hii tutaingia wote na vyeo.» Maneno haya yamekuwa yakisemwa kila panapotajwa mapatano mapya. Vijana wanaingia porini dakika ya mwisho ili wahesabiwe, na kabla ya kuhesabiwa wanatumwa kupigana. Kama kijana hajafikisha miaka 18, kumruhusu aende ni kumtoa katika ulinzi wa sheria. FARDC yenyewe ilitia sahihi mpango na Umoja wa Mataifa, Oktoba 2012, wa kuondoa watoto wote katika safu zake. Mzazi asiongeze miaka ya mtoto kwenye karatasi.

Maandiko yanasema nini juu ya anayerudi nyumbani

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, maofisa wanasimama mbele ya jeshi kabla ya vita na kuwaruhusu watu kurudi: aliyejenga nyumba mpya asiyeizindua bado, aliyepanda shamba la mizabibu asiyeonja matunda yake, aliyeposa asiyeoa bado, na hata mwenye hofu. Taifa lile lilikuwa na adui, lakini sheria yake ilihesabu nyumba, shamba na ndoa kuwa sababu za kutosha za kumruhusu mtu aende. Katika Waamuzi 7, watu 22,000 kati ya 32,000 wa Gideoni walirudi makwao siku moja, na sura hiyo haina neno moja la kuwatukana.

Tulinganishe na vijiji vyetu. Tunamwambia mtu arudi nyumbani, na nyumba hana. Tunamwambia alime, na shamba limechukuliwa. Tunamwambia aoe, na hakuna anayempa binti. Kisha tunashangaa anaporudi porini. Samweli wa Kwanza, sura ya 22, inatueleza ni nani waliomfuata Daudi katika pango la Adulamu: wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, kama watu 400. Tukitaka pango la siku zetu lipungue watu, tuanzie kwenye dhiki, madeni na uchungu.

Na yule anayefaa, ambaye sheria inamruhusu, naye amekusudia kwa moyo safi kuwa askari, tusimfanye ajisikie kuwa mwenye dhambi kwa sababu ya kazi hiyo. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, katika Luka 3, aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawaambia watosheke na mshahara wao. Mwanajeshi wa namna hiyo ni baraka kwa mama anayepita barieri na kikapu chake cha mihogo.

Parokia inaweza kufanya nini

Kwanza, iwe na mtu wa kusikiliza. Parokia ichague wazee wawili, mwanaume na mwanamke, wanaojulikana kwa kutunza siri. Habari za aliyetoka jeshini zikitangazwa mimbarani zinaweza kumwua.

Pili, imsaidie kuchunguza karatasi. Ana atestasio? Ana kadi ya CONADER au ya programu nyingine? Iliungua? Mawakili wa kila baro wana ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini, na ECC ina tume ya Haki, Amani na Ulinzi wa Uumbaji. Mchungaji ambaye hajui sheria aseme hajui, kisha amsindikize mtu huyo kwa anayejua. Mahali ambapo barabara zimefungwa au ofisi zimehama, afadhali angoje kuliko kukimbilia kwa mtu wa kwanza aliye na bunduki.

Tatu, imwingize katika kazi za wengine. Miradi ya wademobilize peke yao inawaweka pamoja kama kikosi kisicho na silaha, na jirani wanaona wivu. Ni afadhali mmoja aingie katika AVEC ya mtaa, mwingine katika likelemba ya waendesha pikipiki, mwingine katika shamba la umoja wa wababa. Anapoweka akiba yake ndogo kila juma mbele ya watu wanaomjua, wanaanza kumwita kwa jina lake.

Nne, isisahau walioumizwa. Katika benchi moja anaweza kuketi aliyebeba bunduki na mama aliyenyang'anywa kila kitu na watu wenye bunduki. Tukimpa yule wa kwanza cherehani, na huyu wa pili tukimpa wimbo tu, tumefanya dhuluma. Asilazimishwe kusamehe hadharani ili ibada ipendeze. Asikilizwe kwanza, apelekwe hospitali kama anahitaji, na kama anataka kushitaki asizuiwe na mzee yeyote wa kanisa.

Tano, isimwache anayekwenda. Kama ameandikishwa kwa njia ya halali, parokia ijue kikosi chake, imwunganishe na omonieri wa Kiprotestanti, na imtembelee mke wake. Wake wengi wa askari wanaachwa mwezi baada ya mwezi bila pesa wala habari.

Kwa hiyo, kijana akija na swali lake, kuna mambo matatu ya kumwomba kabla ya lolote. Alete karatasi zake zote, hata zilizoliwa na panya. Asimpe mtu yeyote pesa. Na angoje juma moja kabla ya kuondoka. Katika juma hilo wazee wawili wamtembelee nyumbani kwake, waone anapolala na anachokula, wazungumze na mama yake, na waulize habari za lile shamba la baba yake.